Ufito wa Mwisho wa Cyril Bagshaw

Baada ya maziko Hilda Bagshaw alirudi kazini, maana nyumbani hakukuwa na la kufanya ila kulitazama birika. Hakulia. Watu wa Redditch, mji wao huko Uingereza, walimsifu kwa kujikaza, kumbe hakuwa na cha kukaza. Ndani kulikuwa kutupu tu.

Yeye na marehemu mumewe, Cyril, walifanya kazi karakana moja ya fito za kuvulia samaki. Wanaume walichonga mwanzi vipande sita vyembamba na kuvigandisha viwe ufito mmoja. Wanawake waliuzungushia hariri ya kushikilia vipete vya mshipi, kisha wakapaka vanishi. Siku hizo fito za nyuzi za kioo zilikuwa zimeanza kuwafukuza sokoni, na tajiri alitaka ufito wa mwisho wa Cyril utundikwe dukani pamoja na jina lake, wateja waone mwanzi ulivyokuwa kazi ya watu.

Hilda akapewa aumalizie. Akakuta karibu na mpini pameshazungushiwa hariri ya kijani, vibaya vibaya, kwa vidole vya mwanamume. Akajiambia Cyril alitaka kumpunguzia kazi. Hakuwahi kumpunguzia hata ya kuosha sahani, lakini mjane ana ruhusa ya kujidanganya kidogo. Akauacha uzi ule ulivyo.

Kwa ganzi aliyokuwa nayo akafanya kosa la mwanagenzi: akapaka vanishi bila kutanguliza dawa ya kufungia rangi. Hariri isiyo na dawa hunywa vanishi ikaonyesha kilicho chini yake, kama karatasi iliyofungiwa siagi. Chini ya uzi wa Cyril akaona ufa. Gundi ilikuwa imeachia.

Na Cyril huyo ndiye aliyekuwa akipita meza za wenzake akivunjia gotini fito zenye ufa, mbele za watu, kazi mbovu isitoke na jina la karakana.

Msimamizi, Enoch Duggins, alikuja akaona.

“Shemeji, zungushia uzi mwingine. Wa kutundika tu huo, nani atauvulia?”

“Alijua, Enoch?”

“Mikono ilianza kumtetemeka tangu kiangazi. Alituomba tusikwambie.”

“Karakana nzima?”

“Nzima, shemeji.”

Hilda akauvunjia ufito gotini. Hasira ikampanda, kitu cha kwanza kukihisi tangu amzike. Kiangazi chote kile walikula meza moja, na angeweza kuishika ile mikono.