Magunia Matupu ya Sukari

Duka la baba pale Rongai lilikufa mwaka ambao vibarua wengi wa mashamba ya wazungu walipakiwa kwenye malori na kurudishwa walikotoka. Ndio waliokuwa wateja wetu, na walikuwa wamekopa. Baba akafilisika. Korti ikanadi rafu, mizani, hata benchi la nje.

Tangu hapo hakuna muuzaji wa jumla Nakuru aliyemkubalia mali kauli, kuchukua bidhaa kwa neno lake na kulipa mwisho wa mwezi. Bila hiyo hakuna duka. Mhindi mmoja tu, mwenye ghala karibu na stesheni, alimwonyesha njia.

"Kwanza nunua taslimu," alimwambia. "Gunia likiisha, niletee tupu. Nikiona unauza, tutaongea."

Baba aliuza cherehani ya mama, akanunua magunia mawili ya sukari. Lakini vibarua wapya walikuwa wachache, na walinunua ya kijiko. Mwezi ulipokaribia kwisha, gunia la kwanza lilikuwa halijafika nusu. Jioni moja nilimkuta jikoni akimimina sukari kwenye mitungi, kwenye sufuria, mpaka kwenye beseni la kuogeshea watoto.

"Baba watoto, unafanya nini?" mama aliuliza.

"Nauza."

"Unamuuzia nani? Sisimizi?"

Baba alitoka nje akayakung'uta magunia mpaka chembe ya mwisho.

Nilimbebea hadi Nakuru. Mhindi aliyageuza ndani nje, akayanusa.

"Upesi hivi, mzee? Wateja wako wanaoga sukari?"

"Watu wetu wanapenda chai, bwana."

Mhindi alicheka, akamwita mpagazi. Baba akapewa magunia matatu bila kutoa senti. Njia nzima alitabasamu.

Mama alitupokea mlangoni. Mvua zilikuwa zimeanza, na sukari ya kwenye mitungi ilikuwa inashikana kama udongo.

"Na hii tutaiweka wapi?"

Kesho yake baba alianza kuuza chini ya bei aliyonunulia. Wanawake walikuja hata kutoka Salgaa.

"Mzee, umeiba wapi?" mmoja alimtania.

"Pima haraka," baba aliniambia.

Siku ya kulipa pesa hazikutosha. Akauza ng'ombe wetu wa pekee, akalipa deni lote. Mhindi alifurahi sana. Akampa magunia manne.