Miguu ya Dada Msibani

Siku ya tatu ya msiba wa baba mkwe wake, kijijini nje ya Geita, dada yangu alishindwa kuketi. Wanawake wote tulikuwa mkekani. Yeye alikunja miguu, akaikunjua, akaisugua, kisha akainuka na kuanza kuzunguka uani.

"Anacheza ngoma kwenye kilio," wifi yake mmoja alisema makusudi tusikie.

Nilijua hachezi. Kila alipotulia, hasa jua likianza kushuka, alihisi kama sisimizi wanatembea ndani ya mifupa, na hawakuisha mpaka ainuke. Miezi mingi alikuwa hapati usingizi.

Alasiri hiyo mama mkwe alimwita mfumu, mganga wa kijiji cha jirani. Mganga akatoa wembe. Angemchanja kuanzia magotini hadi nyayoni, kisha apake dawa. Dada hutokwa damu puani tangu utotoni, kama mimi, kama marehemu mama yetu, na ikianza haikatiki upesi.

Nikapiga magoti. "Mama, nakuomba nimpeleke hospitali kwanza."

"Unatudharau?"

"Hapana, mama. Naogopa damu."

Mganga akasogea. Shemeji yangu akamshika mkono wenye wembe.

"Mwache mke wangu aende," alisema.

Kesho yake, katika hospitali moja upande wa Shinyanga, daktari, mwanamke wa makamo, hakuanza na miguu. Alitazama vidoa vyekundu kwenye midomo ya dada, akauliza nani mwingine katika ukoo hutokwa damu puani. Vipimo viliporudi alitueleza: ni ugonjwa adimu wa kurithi, mishipa midogo ya damu ni dhaifu. Damu iliyovuja miaka yote hiyo imemaliza madini ya chuma mwilini, na upungufu huo ndio unaoichokoza miguu. Akamwekea dripu ya madini hayo.

Kisha akanigeukia. "Na miguu yako wewe?"

Nilitaka kusema ni mizima. Mwaka mzima nilikuwa nalala nimeifunga kwa kanga, sijamwambia mtu, hata dada. Machozi yakanitoka kabla ya jibu.

Baada ya wiki chache dada alikaa saluni akasukwa kwa saa tatu bila kuinuka. Damu puani bado inamtoka, na daktari hakutuficha kwamba itaendelea. Mwezi ujao tunampeleka binti yake akapimwe.