Kikapu cha Viazi kutoka kwa Baba Mkwe

Kiburi changu kilinuka ndimu na mrehani. Mjini Kasongo niliwahi kuwa karani wa Mgiriki mmoja mwenye duka, na viazi vya kuoka alivyonifundisha kupika vilinifanya nijione mtu wa Ulaya. Basi Mwajuma, binti niliyekuwa nikimposa huku Kabambare nilikohamia, aliponiletea kikapu cha viazi na kusema, "Vinatoka kwa baba," sikungoja amalize. Moyo uliimba: nimekubaliwa!

Viazi vilikuwa vimechipua, lakini furaha haioni machipukizi. Niliyakwangua yote, nikavipaka viazi mawese, ndimu, kitunguu saumu na mrehani. Nikavioka vyote katika sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kisha nikamwalika baba yake Mwajuma, monita wa kilimo aliyewasimamia wanakijiji mashambani, pamoja na wazee wa ukoo wake.

Walimaliza kila kitu. "Mukwe, uko fundi!" akasema baba mkwe. Mimi tayari nilikuwa naiona harusi.

Akasimama akilamba vidole. "Sasa leta ile mbegu ya viazi Mwajuma aliweka kwako. Muzungu wa kilimo iko ananingoja shambani, tunapanda leo."

Nikatazama sufuria tupu. Akafuata macho yangu, kidole kikiwa bado mdomoni.