Kelele ya Injini Iliyopigiwa Kura

Gari la kijiji chetu lilikuwa pikapu kuukuu lililotoka kwenye shamba moja la mkonge upande wa Kimamba, na siku lilipofika Rudewa watu waliliimbia kana kwamba ni bibi harusi. Mimi sikuimba. Nilikuwa fundi, nimekulia karakana ya shamba jingine la mkonge, ambako baba yangu alikuja kibarua kutoka mbali akabaki moja kwa moja. Watu wa mashamba nawajua. Gari zima hawalitoi. Wakati wenzangu wanacheza, nilifungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakuta oili nzito kama asali. Oili ya namna ile huwekwa na muuzaji anayetaka injini inyamaze mpaka mnunuzi afike kwake.

Nikamweleza Mwenyekiti wa kijiji. Akanitazama kwa huruma, eti mimi ndiye mgonjwa.

"Ndugu fundi," akasema, "wewe kila jambo jema la wananchi unalitafutia kasoro."

Bwana huyu kabla ya Uhuru alikuwa mnyapara, akitufokea kwa niaba ya mzungu. Baada ya Azimio akawa mwenyekiti, akitufokea kwa niaba yetu wenyewe. Sauti haikubadilika hata kidogo.

Wiki tatu hazikupita. Ile oili nzito ilipopungua wakaongeza ya kawaida, na injini ikaanza kusema. Watu walisikia tik-tik-tik wakadhani ni kitu kidogo. Mimi chini ya ile tik-tik nilisikia mlio mwingine, mzito, kama wa mtu anayebisha mlango wa ndani.

Nilikuwa na sababu ya kusikiliza vizuri kuliko wao. Mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza alijifungulia nyumbani na watoto wote wawili walitoka wamekufa. Mkunga wa hospitali ya Kilosa alimwambia mbele yangu kwamba safari hii uchungu ukianza tu apelekwe, asingoje hata saa moja. Na gari la kumpeleka lilikuwa hilo hilo moja.

Basi nikaiwasha injini, nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiegemeza kwenye chuma, mpini nikauweka sikioni. Juu, penye vali, palikuwa shwari. Nilipoishusha ubavuni, ule mlio mzito ukanijia mpaka kwenye meno. Nikaanza kuchomoa nyaya za plagi moja moja. Ya kwanza, kelele ile ile. Ya pili, ile ile. Nilipochomoa ya tatu, mlio ukafifia. Nikairudisha, ukarudi. Hapo hakuna cha kubahatisha: beringi ya pistoni ya tatu imelika. Gari la hivyo ukilitembeza polepole kilomita chache utafika. Ukilikimbiza safari ndefu linajiua.

Nikasema liegeshwe, litumike kwa mgonjwa tu, mpaka beringi ipatikane Morogoro. Kijiji kingine kingeliegesha. Kwetu jambo lilipelekwa kikaoni, kwa kuwa kila jambo lilipelekwa kikaoni. Siku ile tulijadili kwanza choo cha shule, kisha kelele ya injini.

Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja ambaye hata baiskeli ilimshinda alisema kosa ni la petroli. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa milimani, akasema kwa upole kwamba gari limezoea kubeba mkonge, sasa linaona haya kubeba watu. Wakampigia makofi. Mwenyekiti akajikohoza, akasema ni tapeti tu, yaani vile vichuma vidogo vya juu vinavyosukuma vali, vikikazwa kelele inakwisha. Neno hilo alikuwa ameliokota kwa dereva mmoja mjini Kilosa siku mbili kabla, na lilikuwa bado linamwasha mdomoni. Tena lilimfaa. Jumamosi wageni wakubwa walikuwa wanapita Mikumi, na alikwisha kuahidi kwamba ngoma ya kijiji chetu itafika kuwalaki, ndani ya gari la kijiji.

Nilisimama nikaeleza habari za plagi ya tatu. Akaniacha nimalize, kisha akauliza taratibu, "Ndugu fundi, nani amekutuma?"

Leo mtu akiulizwa hivyo atacheka. Miaka ile hakucheka mtu. Mtoto wa karakana ya walowezi, anayetaka gari la wananchi lilale, angeitwa kupe, mnyonyaji wa wenzake, kabla hajafika nyumbani. Nikakaa chini.

"Wanaosema ni tapeti wanyooshe mikono," akasema.

Mikono ikapanda. Na wangu ukapanda. Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, wengine bila sababu, lakini yule mtu aliyenyoosha mkono siku ile, mwenye grisi bado kwenye kucha, namdharau kuliko wote. Upande wa wanawake, mke wangu alikaa na mikono yake juu ya tumbo, ananitazama. Hakunyoosha hata mmoja. Katibu hakuwahi kuhesabu upande ule. Aliandika wote wamekubali.

Nikakaza tapeti ambazo hazikuwa na kosa lolote. Jumamosi alfajiri gari likaondoka na ngoma, wachezaji, na Mwenyekiti mbele, kofia kichwani. Halikufika Mikumi. Njiani chuma kilitoboa ubavu wa injini kikatokea nje, oili yote ikamwagika barabarani. Wachezaji wakamaliza safari kwa miguu na ngoma zao begani, wakakuta wageni walikwisha kupita zamani.

Uchungu ulimshika mke wangu siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi. Nilimkuta Katibu ofisini, akaniambia nivute subira, gari litarudi jioni. Nikaazima baiskeli. Nilimkalisha nyuma nikaisukuma mpaka Kilosa, na kila uchungu ulipokuja alishuka akashika mti, nami nikasimama nimeshika usukani kama mjinga.

Mtoto alizaliwa hai. Nalisema hili mapema, ili mtu asije akanihurumia.

Mlangoni mwa hospitali muuguzi alimpokea kwa mikono miwili, akamuuliza nani amemleta.

"Nimekuja na baiskeli," akasema.

"Na mumeo je?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, jasho linanichuruzika, nimefumbua mdomo nijibu. Mke wangu akageuza shingo, akanitazama mpaka akatosheka.

"Mume wangu ni fundi wa magari," akasema. "Yuko kwenye kikao."

Muuguzi akamwingiza ndani. Kisha akarudi akaniona bado nimesimama.

"Wewe mwenye baiskeli," akasema, "isogeze, unaziba mlango."

Nikaisogeza.