Shamba Lenye Jina la Babu

Simu ilipoita, Ozella Pettaway alikuwa amekaa barazani kwake akimenya kunde, beseni mapajani. Aliyepiga alikuwa jirani wa kaka yake, naye hakuzungusha maneno.

"Ozella, Lemuel ametutoka. Nimemkuta nje, ameegemea mashine yake ya kukatia nyasi kama mtu anayepumzika."

Ozella akasema asante. Akamaliza kunde zilizobaki, maana hakujua mikono yake ifanye nini kingine, ndipo akaingia ndani na kupiga magoti kando ya kitanda. Maombi hayakuja. Akakaa hivyo hivyo mbele za Mungu, kimya, mpaka magoti yakamuuma.

Lemuel hakuwa na mke wala mtoto. Alifanya kazi katika kiwanda cha mbao mpaka mgongo ukamshinda, akarudi kwenye shamba la babu yao na kuishi katika nyumba ya magurudumu chini ya miti ya pekani. Kanisani aliimba sauti ya chini, vibaya, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Watu wa mjini walipokuja kutaka kununua shamba, aliwapa maji baridi ya kunywa, kisha akawaonyesha njia ya kutokea. Nyuma ya shamba kulikuwa na makaburi ya ukoo, na ni yeye aliyeyafyeka. Kuhusu kifo chake alisema jambo moja tu: alazwe karibu na mama.

Jambo hilo moja ndilo lililomkwamisha Ozella. Bwana Mosley, mwenye kampuni ya mazishi, alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akakuna kidevu.

"Bi Ozella, ingekuwa makaburi ya kanisa, ningechimba leo. Lakini shamba la watu? Tulishachimba mahali, wenyewe wakaja na mwanasheria, maiti ikiwa bado garini. Niletee kumbukumbu za shamba kutoka kaunti, na sahihi ya mwenye shamba. La sivyo Jumamosi tunamlaza kanisani."

Basi Ozella akaenda kwenye ofisi za kaunti akiwa na nguo aliyolala nayo, koti juu. Karani alikuwa msichana aitwaye Corinne, mwenye kucha ndefu na moyo mpole. Aligeuza kioo cha kompyuta ili mama huyo naye aone.

"Mwenye shamba," akasoma Corinne. "Pettaway, Ambrose."

"Huyo ni babu yangu. Yuko huko huko makaburini ninakotaka kumpeleka kaka yangu. Nimgongee atoke aje kutia sahihi?"

Corinne alicheka, kisha akaziba mdomo. "Samahani, Bi Ozella."

"Cheka tu, mwanangu. Angalau mmoja wetu acheke."

Hakuna aliyewahi kuliondoa jina la babu. Wazee wao waliamini kwamba mtu mweusi akiingia ofisi ya kaunti na karatasi za shamba, hutoka na karatasi bila shamba. Wakalipa kodi kwa jina la marehemu na kunyamaza.

"Sikiliza, mama," Corinne akasema. "Hapa panaposema mwenye shamba, ni jina ambalo kaunti inalitumia kudai kodi. Halituambii shamba ni la nani leo. Babu aliacha wosia?"

"Aliacha nyumbu na Biblia."

"Basi shamba ni la wote waliotoka kwake. Waliobaki hai ni nani?"

"Mimi, na binamu yangu Mina aliye Cleveland."

"Basi sahihi ni zenu wawili."

Ozella akavaa miwani, akaendelea kusoma sehemu moja baada ya nyingine. Matumizi ya ardhi: kilimo na miti. Makaburi hayakutajwa. Majengo: nyumba kuukuu, hali mbaya.

"Na nyumba ya Lemuel?"

"Ina magurudumu. Haihesabiwi kwenye ardhi."

Mauzo ya mwisho: hapakuandikwa kitu.

"Hapa mbona patupu?"

"Maana yake hatuna habari ya kuuzwa kwake. Halijauzwa, mama."

Ozella aliutazama ule utupu kwa muda mrefu. Jina la kaka yake lilikuwa mahali pamoja tu, kwenye anwani ya barua: *kwa mkono wa Lemuel Pettaway*.

Corinne akashusha sauti. "Barua za kodi zitaendelea kwenda kwake. Zisipojibiwa, shamba linaweza kupigwa mnada. Niweke anwani yako?"

Ozella alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka. "Weka," akasema.

Mina alipokea simu akiwa tayari amekasirika. Tangu Lemuel alipomfukuza pamoja na mnunuzi wa shamba aliyemleta, hawakuwa wamesalimiana.

"Mlaze kanisani, Oz. Kuna lami, kuna kivuli. Nani atanunua shamba lenye kaburi bichi?"

"Hilo najua."

"Unajua alichoniambia? Eti nitapata nafasi kwenye shamba lile siku nitakayokuja nimelala."

"Alikuwa na mdomo mbaya."

"Mbaya sana."

"Mina, sina nguvu za kubishana nawe. Nakuomba tu."

Ozella alisikia televisheni ya Mina huko Cleveland ikizungumza yenyewe.

"Kaburi la mama yangu likoje?" Mina akauliza mwishowe.

"Safi. Alilifyeka wiki iliyopita. Aliliwekea na mawe pembeni, mvua isilichimbe."

Mina alipumua kwa nguvu. "Nitumie hiyo karatasi ya kutia sahihi. Na usije ukasema nimekubali tusiuze. Sijakubali."

"Sitasema."

Sahihi ilifika Ijumaa. Bwana Mosley aliisoma mara mbili, akawaita wachimbaji wake.

Jumamosi walimpeleka Lemuel. Gari la maiti lilishindwa kuvuka majani marefu, kwa hiyo wanaume wa kanisa walimbeba kutoka barabarani, wakisimama kupumzika njiani. Mina hakuja, alituma maua. Mchungaji alisoma zaburi, akaomba kwa ufupi kwa sababu ya jua. Kwaya iliimba bila sauti ya chini. Jeneza likashushwa upande wa kushoto wa mama yake. Ozella akachukua udongo mwekundu, akaudondosha, akasema, "Bwana, mpokee," kisha akarudi nyuma ili wengine nao wapite. Wanaume walifukia mpaka kukawa sawasawa. Halafu watu wakaanza kurudi barabarani, wawili wawili, na Ozella akaenda pamoja nao.