Pua ya Dalali

Mume wangu, Anselme Bourdot, ni dalali wa divai. Kama hujui kazi hiyo, ni kuingia kwenye maghala ya watu asubuhi, kuonja divai yao bure, kuitema sakafuni, kisha kwenda kuwaambia matajiri wa mji wa Beaune nani anunuliwe na nani apitwe mwaka huu. Ameishi kwa kazi hiyo miaka thelathini na moja. Hapa kijijini wanamsalimia kwa heshima kuliko padri, maana padri hana uwezo wa kukataa pipa la mtu.

Mimi Odile ndiye dereva wake. Anselme alinyang'anywa leseni mara mbili kwa sababu hatemi kila anachoonja, basi nikawa namwendesha na kumngoja nje ya kila ghala huku nafuma soksi. Ndani siingii. Wazee wa kwetu wanaamini mwanamke akishuka ghalani divai inageuka siki. Vijana wanaicheka imani hiyo, ila siku ya kuhamisha divai kutoka pipa hadi pipa utashangaa wake zao wote wametumwa mjini.

Usidhani kwa kukaa garini sijui kitu. Vichupa vya kuonjea huishia mezani kwangu wakati wa chakula cha mchana, na mimi nina maoni yangu. Nyekundu ya akina Molard, kwa mfano, ikiwa changa inanuka kiatu kilicholowa. Ifungie miaka minane, uipe bata wa kuoka, na utasahau kwamba Molard mwenyewe hajawahi kumnunulia mtu kahawa. Ya Sidonie Perraud inywe mwaka huohuo. Ni nyepesi, ina cheri tele na haijidai, jambo ambalo siwezi kusema juu ya Sidonie. Ukikuta chupa ya Fulgence Taupin mezani kwa watu, sema daktari amekukataza.

Lakini ukitaka divai ya kukunyamazisha, tafuta ya Hector Garnuchot. Ina harufu ya waridi lililoanza kunyauka, halafu inakuja ya udongo uliolowa, halafu unajikuta umeacha kuongea katikati ya sentensi. Garnuchot ana miaka sabini na minane na hana rafiki. Ningeipenda divai yake zaidi kama angeitengeneza mtu mwingine.

Novemba iliyopita Anselme alipata homa. Alilala siku tisa, akapona kila kitu isipokuwa pua. Niligundua kwa jibini. Nilikuwa nimeliweka mezani lile jibini letu la ganda la rangi ya chungwa, ambalo likifunguliwa paka anahama nyumba. Anselme aliingia, akakaa mbele yake, akiwa hajavaa miwani, akaniuliza kama leo hakuna jibini.

Tulijaribu kahawa, kitunguu, mafuta ya taa. Hakuna. Ulimi wake ulijua chumvi na uchachu, basi. Mume wangu alilia jikoni, na mimi niliogopa kuliko nilivyomwonyesha, kwa sababu dalali asiye na pua ni mzee mlevi anayezurura kwenye maghala ya watu. Matajiri wakijua Jumatatu, Ijumaa wana dalali mwingine.

Basi tukakubaliana. Yeye anashuka, anazungusha glasi, anakunja uso kama ada, anarudi na vichupa garini. Mimi naonja. Kesho yake anayasema maneno yangu kwa sauti yake nene. Mambo yakaenda vizuri hadi ikawa aibu. Bwana Vauzelle, tajiri mkubwa wa Beaune, alimwambia mbele za watu kwamba pua yake imezidi kuwa kali na umri. Anselme alirudi nyumbani kichwa kimevimba, nikamkumbusha kwamba kichwa ni chake na pua ni yangu.

Mwezi wa Machi Vauzelle akataka mapipa yote sita ya Garnuchot, kwa neno la Anselme peke yake. Hapo tukanaswa. Garnuchot hatoi tone nje ya ghala lake kabla divai haijaingia kwenye chupa, hata kwa askofu. Anayetaka kuonja anaonjea humo ndani, amesimama, chini ya macho yake. Na Anselme akisifu pipa bovu la bei kubwa, jina lake limekwisha kutoka huku hadi Beaune.

Njiani tuligombana. Anselme alitaka kubahatisha. Alisema Garnuchot hajawahi kuharibu pipa maishani mwake, kwa hiyo atashuka, atatikisa kichwa mara sita, atapanda. Nikamuuliza, na kama moja limeharibika? Akasema tuombe Mungu. Nikamwambia Mungu haonji kwa niaba ya madalali.

Tulipofika nilizima gari, nikashuka. Sikuwa nimepanga. Nilichoka tu na soksi.

Garnuchot alikuwa mlangoni, shati limekosewa vifungo. Mkewe, Berthe, alifariki Januari, na tangu hapo alivaa kama mtu aliyetoroka hospitali. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Nashuka na mume wangu," nikasema.

"Hushuki. Unajua wewe mwenyewe wanawake wana siku zao."

"Zangu ziliisha miaka minane iliyopita, Bwana Garnuchot. Ukitaka nitakuletea cheti cha daktari."

Hakucheka. Akamgeukia Anselme, akamwambia amrudishe mke wake garini, wanaume wana kazi. Anselme akatazama viatu vyake. Nilimwona akiipima ile njia fupi: mimi nirudi kwenye soksi, yeye ashuke akatikise kichwa. Ningependa kusema sikumlaumu kwa kulifikiria, lakini nilimlaumu. Kisha akavua kofia.

"Hector, mimi sinusi kitu tangu Novemba. Divai zote ulizosikia nimezisifu msimu huu, kaonja huyu. Vauzelle nitamwambia mwenyewe kesho, anifukuze akitaka. Ila leo Odile asiposhuka, mimi sina neno la kusema juu ya mapipa yako."

Sijawahi kumpenda mtu yule kama dakika ile, na miaka yetu ya ndoa ni mingi. Garnuchot alitafuna mdomo mtupu. Mwishowe akasogea pembeni.

Ngazi zilikuwa kumi na nane, na baridi ya kule chini ilinipanda kwenye magoti. Mzee alichota pipa la kwanza kwa mrija wa kioo, akanitilia glasini bila kunitazama. Ilikuwa waridi lile lile, ila jipya, bado lina miiba. La pili lilikuwa bora zaidi, nilisahau kutema. La tatu nililinusa mara moja, nikaishusha glasi.

"Hili linanuka rangi ya kucha."

"Umeligeuza wewe," akasema Garnuchot. "Huna hata dakika tano humu."

"Sina nguvu hizo, mzee wangu. Ningekuwa nazo ningeanza na Taupin. Pipa hili linaingiza hewa, na lilianza kuharibika wiki kadhaa zilizopita. Nusa mwenyewe."

Akanusa. Akazungusha glasi, akanusa tena, pua imezama hadi kwenye divai. Nilimngoja anitukane, na alipokosa kunitukana nikaogopa.

"Sisikii kitu," akasema.

Anselme alimuuliza kwa upole kama naye alipata homa ile.

"Homa gani? Mimi sijawahi kuwa na pua. Ilikuwa ya Berthe." Aliliegemea pipa. "Kila Jumamosi nampelekea glasi ya kila pipa jikoni, moja moja. Ananiambia hili lijazie, hili lihamishe, hili liache lilale. Miaka arobaini na tisa. Tangu Januari nakisia tu."

Nilikuwa nimeinywa divai ile kwenye harusi tatu na mazishi sijui mangapi. Kila mara watu walisimama kumpongeza Hector, na Berthe alikuwa nyuma yake ameshika sahani.

"Yeye alishawahi kushuka humu?" nikamuuliza.

"Nani, Berthe?" Alinishangaa kweli, macho yamejaa machozi. "Hapana. Ingegeuka."

Nilitaka kumrushia glasi ile usoni. Nilimwaga iliyobaki, nikamnyooshea, nikamwambia achote pipa la nne.