Kiazi Chekundu cha Bi Chupa

Wanafunzi walimwita Bi Chupa, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na babake. Alifundisha baiolojia katika chuo cha jamii kilichokuwa nyuma ya soko, chuo cha madarasa ya mabati ambako watu wazima walikuja kutafuta cheti walichokikosa ujanani. Hakuna mwalimu wa sayansi wala wa hesabu pale aliyeanza maisha akiota kufika hapo. Wa hesabu, Mzee Bima, alikuwa akikadiria ajali na vifo vya watu katika kampuni ya bima, mpaka kampuni yenyewe ikafa bila yeye kuikadiria. Wa fizikia alikuwa fundi wa ndege. Shirika lilipovunjika, ndege zikakaa chini, naye akabaki na ovaroli. "Hapa hatuajiriwi," Mzee Bima alipenda kusema, "tunaokotwa."

Bi Chupa aliokotwa kutoka kituo cha utafiti wa kilimo. Ujana wake wote uliishia huko, akitunza miche ya viazi ndani ya chupa, kila mche mdogo kama kidole, umesimama kwenye jeli, umefungwa usiguswe na hewa chafu. Mmojawapo ulikuwa wa kiazi chekundu ambacho ugonjwa wa mnyauko ulikipita kama haukioni. Mashambani kilikwisha kupotea, maana kilizaa kidogo na wakulima walitaka vinono. Wafadhili walipojitoa, kituo kikafungwa na vifaa vikapigwa mnada. Yeye akaondoka na trei za kile kiazi, amezipakata njia nzima kama mzazi atokaye wodini.

Chuoni alipewa stoo kando ya maabara, fundi wa ndege akamfungia taa na feni. Kila miche ilipokua, alikata vipande vya shina akavihamishia chupa mpya. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo, na hakuna aliyemuuliza ni ya nini. Dadake alimwambia waziwazi kwamba laiti angewajali watu nusu ya alivyojali viazi, saa hizi angekuwa na wajukuu. Bi Chupa alicheka.

Likizo moja mama yao akazidiwa, ikabidi aende kumuuguza. Alimwomba mkuu wa chuo taa zisizimwe na mlango usifunguliwe. Mkuu, mtu mpole asiyejua kukataa, akaitikia. Hakujua kuwakatalia pia wakaguzi wa elimu, waliokuja Bi Chupa akiwa hayupo. Walipomwambia chuo lazima kiwe na ofisi ya kupokea wanafunzi, akatazama huku na huku, akaona stoo. Chupa zikatolewa nje, barazani, zikapangwa vizuri, zikafunikwa kwa turubai zisiibwe. Zikakaa hapo juani likizo nzima.

Mama hakupona. Bi Chupa alirudi baada ya mazishi, na kabla hajafika kwake akapitia chuoni kuangalia miche yake. Alipoinua turubai, joto lilimpiga usoni kama la tanuri. Jeli ilikuwa imenywea, miche imelala, rangi yake ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Akakaa chini na nguo zake za msiba, akaanza kuinua chupa moja moja kwenye mwanga, akitafuta walau jicho moja la kijani. Fundi wa ndege alimkuta hapo. Alichuchumaa upande wa pili, naye akawa anainua chupa, ingawa hakujua hasa anatafuta nini. Walizimaliza zote.

Mkuu akaja, mikono nyuma, akampa pole ya mama. Kisha akatazama zile chupa.

"Dada yangu, sikujua kama ni vitu hai. Nilidhani ni mifano ya kufundishia."

Bi Chupa alitaka kumpigia kelele zilizomjaa tangu kaburini.

"Vilikuwa hai," alisema.

Akaziosha chupa, kwa sababu maabara haikuwa nazo za kutosha, na muhula ulipofunguliwa akafundisha kama kawaida: ukuta wa seli, kiini cha seli, kazi ya maji katika mmea. Mzee Bima alimpunguzia utani. Kwa Bi Chupa hilo lilikuwa baya kuliko utani wenyewe.

Mvua zilipokuwa zikiisha, alipigiwa simu na mwenzake wa zamani wa kituoni, ambaye sasa alitembelea wakulima milimani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi. Mnyauko ulikuwa umeshuka mabonde yote, alisema. Watu waling'oa mashina wakakuta uozo. Alikuwa ameuliza kila mahali.

"Dada, kile chekundu bado unacho?"

Bi Chupa alikuwa kwenye chumba cha walimu, mbele yake rundo la mitihani isiyosahihishwa. Aliisikia pumzi ya yule bwana ikimsubiri.

"Sina, kaka. Kilikufa."

"Chote?"

"Chote."

Kisha yule bwana, kwa kuwa alilelewa vizuri, akamuuliza mama hajambo. Bi Chupa akamwambia. Wakapeana pole, kila mmoja ya kwake, wakaagana. Akavuta karatasi ya juu kwenye rundo, akalisoma jibu la kwanza mara kadhaa bila kuona kilichoandikwa.